Tetemeko la Kila Jumamosi

Daktari wa meno alipiga goti kando ya gari lake mwenyewe, akatazama kushoto, akatazama kulia, akabana koleo na kung'oa. Kipande cha risasi kikatoka ukingoni mwa ringi bila ubishi, kama jino la utoto. Akakitia mfukoni, akajikung'uta vumbi magotini, akaingia garini akipiga mluzi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo. Vipande hivyo hubanwa kwenye ringi ili tairi lizunguke kwa uzani sawa. King'oe kimoja tu, na gari likifika kasi ya themanini usukani hutetemeka mpaka meno yagongane. Usukani ukitetemeka, mwenye akili hupeleka gari gereji. Na kwenye gereji aliyoichagua Daktari, fundi wa tairi za mbele alikuwa dada mmoja mwenye kitambaa cha buluu kichwani na kicheko cha kumsahaulisha mtu alichokuja kutengeneza.

"Karibu tena, Daktari. Bado linatetemeka?"

"Bado, Fundi. Tena leo limezidi."

"Ukikanyaga breki, au hata usipokanyaga?"

"Hata nisipokanyaga."

"Basi diski hazina kosa."

Akalipandisha jeki. Akalishika tairi juu na chini, akalisukuma: beringi nzima. Akalishika kushoto na kulia: tairodi, vyuma vya usukani, hazichezi. Akalizungusha, akainama kutazama kama ringi imepinda. Daktari akamtazama yeye. Mtu mzima huyu, ana kliniki yake, majitu ya miraba minne hufumbua vinywa mbele yake yakimsihi ayahurumie. Lakini kwa huyu dada ulimi ulimwia mzito kuliko injini. Kila Jumamosi alikuja na sentensi moja aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo, na kila Jumamosi alirudi nayo nyumbani.

"Risasi imedondoka tena," alisema Fundi.

"Ajabu," alisema Daktari.

Mwenye gereji alikuwa mjomba wake Fundi, mzee wa maneno machache na yote makali. Kwake yeye, gari lililorudi na ugonjwa uleule lilikuwa tusi la nguoni. Tena alikuwa na sheria yake: hakuna gari linalokabidhiwa mwenyewe kabla yeye hajaliendesha hadi barabara kuu na kurudi. Jumamosi ile, Fundi alipomaliza, Mjomba alichukua ufunguo, akamwambia mpwa wake bila kupunguza sauti:

"Mara ya tatu hii. Likirudi tena, tairi za mbele nampa mwingine. Wewe utakaa ofisini upokee simu."

Fundi aliendelea kupanga spana zake, ila kile kicheko kilikuwa kimekwisha.

Daktari aliona, na moyo ukamchoma. Miaka sita dada huyu alipigania ruhusa ya kushika spana, na yeye, kwa woga wa kutamka sentensi moja, alikuwa anamharibia kazi. Mjomba aliporudi na gari, Daktari alipokea ufunguo kichwa chini, akaaga kwa sauti ya mgonjwa. Nyumbani alilifungia koleo kabatini.

Wiki nzima hakuligusa tairi. Njia yake ya kazini ilijaa matuta, haimruhusu mtu kuvuka arobaini, kwa hiyo alijiona amepona. Ijumaa akaingia barabara kuu. Sitini. Sabini. Themanini.

Usukani ukaanza kutetemeka.

Alisimama pembeni jasho likimtoka. Za mwizi ni arobaini, alijiambia, zangu zimetimia kwa nne tu! Angeweza kulipeleka kwa fundi mwingine, na hakuna ambaye angejua. Lakini lawama ilikuwa imemkalia Fundi, na aliyeileta ni yeye. Hakupata usingizi mpaka kulipokucha.

"Fundi," alisema asubuhi ile, injini hata haijazimika vizuri, "mjomba wako asikuondoe kwenye tairi. Zile risasi hazikudondoka. Nilikuwa nazing'oa mimi, nipate sababu ya kuja. Nilitaka kukuomba tutoke siku moja, tukakae mahali pasipo na jeki. Lakini wiki hii, haki ya Mungu, sijagusa kitu."

Fundi alifuta mikono taratibu, kidole baada ya kidole.

"Nilijua unazing'oa. Risasi ikidondoka yenyewe haiachi alama za koleo."

"Ulijua? Na ukakubali kufokewa? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekuja tena?"

Daktari akatabasamu mpaka masikioni. Fundi alikuwa tayari ameinama, kazi ni kazi. Akapapasa ringi ya kulia, akahamia ya kushoto, akarudi ya kulia.

"Daktari, hakuna hata moja. Jumamosi nilizigonga nne kwa mkono wangu."

"Naapa tena, Fundi."

Hapo Mjomba akatokea nyuma ya lori, uso umekunjamana, akija moja kwa moja. Daktari akajitia katikati, mikono ameinyoosha mbele.

"Mzee, kosa ni langu. Mpwa wako hana hatia hata kidogo."

Mjomba akampita kana kwamba hakumwona, akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akamwaga vipande vinne vya risasi juu ya boneti.

"Jumamosi nilipoondoka na gari lako kulijaribu, ulikuwa na uso wa mtu asiyerudi," alisema. "Sasa mimi ningefanyaje?"