Mafiga ya Kapteni

Sadala alijiita Kapteni tangu siku aliponunua ile kofia yenye manyoya. Alijirusha kutoka juu ya farasi, akaanguka kwa magoti, kisha akainama chini akijifanya anaibusu ardhi. Wageni aliowaleta kupiga kambi kwenye uwanja wa vita vya zamani wakampigia makofi. Tunu, mchumba wake, alitazama pembeni.

"Hapa babu yangu alipigana mpaka risasi ya mwisho!" Sadala alinguruma. "Damu yangu inaijua ardhi hii!"

Damu yake ikampeleka moja kwa moja kwenye lundo la mawe katikati ya uwanja. Akachagua matatu, akayapanga mafiga, akawasha moto na kuteleka chai huku akipiga mluzi.

Tunu hakuamini macho yake. Katika mji wa jirani, kila nyumba iliyopoteza mtu vitani ikakosa maiti ya kuzika ilikuwa imeweka jiwe pale. Hata walevi walilipita lundo lile kwa adabu.

"Sadala, hivi huyo babu yako alipigana vita gani?"

"Tunu bwana, usinivunjie heshima mbele ya wageni."

"Heshima ipi?"

Tunu akaimwaga chai motoni, akayashika mawe kwa blanketi la farasi wa Kapteni na kuyarudisha moja moja. Wageni wakampigia makofi na yeye, wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe.

Mawe matatu meusi yaliendelea kufuka mvuke juu ya lundo. Sadala alikuwa amevua kofia, hajui aiweke wapi.