Mbwa wa Kuazima

Mbwa wa jirani hakumtaka Ponso hata kidogo. Alimbwekea tangu Ponso alipomfunga langoni kwake, huku Ponso akimbembeleza: "Kapteni, ndugu yangu, leo tu! Jifanye wangu."

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, alipostaafu upishi wa melini, aliingia kwenye bucha la mjane Luring akaona haya kuagiza pua, masikio na mashavu ya nguruwe. Yeye, aliyekuwa akiringia mji mzima wa Angeles kwamba anakula nyama ya mgongo tu!

"Ni za mbwa wangu," akasema.

Basi kila Jumamosi mjane yule alimfungia za mbwa, masikio yamenyolewa safi. Tena msahaulifu, maskini: kila mara aliacha ndimu tatu na pilipili ndani ya mfuko. Ponso hakuzirudisha hata siku moja. Mwizi mkubwa! Jana tu ndimu hazikuwemo.

Taabu ni kwamba alikwisha kumpenda mjane huyo. Na leo, sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, kila nyumba iko wazi na kila apitaye hula. Luring alimwambia, "Nitapita kwako, Kaka Ponso. Nimwone na huyo mbwa."

Ponso aliapa kumposa leo leo. Lakini fukara anayekula chakula cha mbwa, nani akubali kuolewa naye? Thubutu!

Kwa hiyo aliuchemsha ule uso wa nguruwe, akauchoma kwenye makaa, akaukatakata mpaka pua isijulikane na shavu. Akaumwaga na vitunguu juu ya sahani ya chuma yenye moto, akanyunyiza siki kwa kukosa ndimu.

Luring alifika. Kapteni akamtikisia mkia mgeni, akambwekea mwenye nyumba.

Luring alikula sahani ya kwanza, akaongeza ya pili. Kipande cha sikio kikamlia karakacha menoni.

"Nyama gani hii, Kaka Ponso?"

"Ya mgongo, dada." Mjinga wewe, alijisema, unakwenda kuposa na unaanza na uongo!

Luring alifuta mikono, akafungua mkoba, akapanga ndimu tatu mezani.

"Jana nilisahau kukuwekea," alisema. "Na tukishaoana, huyo mbwa arudi kwao."