Kidole cha Fundi Cherehani

Zilibaki sekunde arobaini chombo cha angani kilichombeba binti yake kijifiche nyuma ya mwezi. Fundi cherehani akabonyeza kitufe cha “Shikilia Uongee” kwenye programu ya simu. Kimya. Kidole gumba chake kilikuwa sugu tupu, miaka thelathini ya kusukuma sindano. Kioo kilikiona kama kipande cha mti.

“Lete nikushikilie, mama watoto,” mumewe akasema.

“Koma! Nilimnunia mwenyewe siku anaaga, nitashikilia mwenyewe.”

Akajaribu kidole cha shahada. Wapi! Sekunde tisa.

“Bado pua,” mumewe akachokoza.

Hakucheka. Aliinama, akaikandamiza pua kiooni, kitufe kikawaka kijani.

“Mwanangu,” alisema, pua ikiwa palepale, “nenda, halafu urudi.”