Kijiko cha Tupokigwe

Kabla hakujakucha, kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni. Kisha nikasikia mlio mwingine, kutoka migombani.

Mwanamume wa Kiwira alikuwa akitafuta mali inayosemekana kufukiwa na Wajerumani, kwa mashine inayolia ikipita juu ya chuma. Nilipomfikia, alikuwa ameshachimba.

"Takataka tu, bibi," alisema kwa aibu, akinionyesha kijiko kidogo chenye kutu.

Nikamweleza kwamba nilimzika nacho mwanangu Tupokigwe. Msalaba wa mti ulioza, migomba ikasogea, nikapoteza mahali pa kaburi. Miaka arobaini nimepalilia kwa mikono, nisimkate kwa jembe.

Akavua kofia. Akakirudisha kijiko shimoni, akafukia kwa viganja.

"Nisamehe, bibi."

"Uje tena, baba, na mashine yako. Mdogo wake naye yumo humu, na kikombe chake cha bati."