Mkanda wa Mama Oliva

Saa mbili na nusu asubuhi simu ya Oliva ilitoa mlio ambao hakuwahi kuusikia. Maandishi yalikuwa mekundu: AMEANGUKA.

Aliacha cherehani na gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano. Kutoka Nanganga mpaka kwa mama yake kule Newala ni magari mawili, na mama anaishi peke yake.

Ule mkanda uliletwa na wataalamu wa kuzuia wazee wasianguke. Walimfunga mama kiunoni. Ndani yake mna kidude kinachohesabu hatua na kupeleka habari kwenye simu ya mtoto. Wakamwachia na mchezo wa kwenye televisheni: korosho zinadondoka, bibi anaegemea huku na huku azidake, miguu ipate nguvu. Mama aliupenda. Anifa, mtani wake wa nyumba ya pili, hakukosa kuja kumcheka.

"We kikongwe, korosho za shambani zinaoza, unaokota za kwenye kioo?"

"Ngoja nikuzike kwanza wewe, ndipo niende shambani."

Oliva alipiga simu ya mama, haikupokelewa. Akampigia Anifa.

"Shikamoo, mama. Mama yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tunaye hapa nyumbani. Wewe njoo tu, usikimbie."

Alipanda gari la kwanza la Masasi. Watu wa kwao hawasemi jambo zito kwenye simu, naye alilijua hilo.

Saa saba, akiwa stendi ya Masasi anasubiri gari la Newala, simu ikalia tena. Hatua tatu. Ikanyamaza. Hatua tatu nyingine.

Oliva aliikodolea macho mpaka yakamuuma. Hivyo ndivyo mama anavyotembea tangu goti liharibike: hatua tatu, anasimama, anashika kiuno, anaendelea. Zikafika arobaini. Zikafika mia. Kisha mkanda ukaonyesha: anaegemea kulia, anaegemea kushoto.

"Anacheza," akamwambia muuza machungwa aliyekaa karibu naye. "Mama yangu kainuka, anacheza."

"Basi mshukuru Mungu, ule hata chungwa. Toka umefika hujameza mate."

Oliva akala, akilia na kucheka. Akavuka barabara, akanunua raba zenye soli isiyoteleza, saizi ya mama.

Gari lilipomaliza mlima, hesabu ilikuwa imepita mia tatu. Mama hakuwahi kufikisha hata mia mbili. Oliva akaamua kwamba leo atamgombeza, anajichosha mno.

Aliposhuka alisikia vicheko vya wanawake uani, akaongeza mwendo.

Mikeka ilikuwa imejaa watu. Katikati yao alikuwa Anifa, kavaa gauni la mama na mkanda wake kiunoni, anachechemea kwa mwendo wa marehemu kama watani wafanyavyo msibani, anadaka korosho zisizokuwepo, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.