Unga Uliozidi

Tunu alipima unga wa dawa kwenye mizani ya maabara ya chuo, ukazidi kidogo. Bila kufikiri, akauchota ule uliozidi na kuurudisha kwenye chupa, kama mama yake anavyorudisha sembe kwenye debe. Hapo ndipo alipokumbuka somo la wiki ya kwanza: dawa ikishatoka chupani hairudi, isije ikachafua iliyobaki.

Hakuna aliyemwona. Meza ya pili, dada Lukiya wa mwaka wa mwisho alikuwa akiandika majibu ya utafiti wake. Miezi saba alikuwa akipima kutoka chupa hiyohiyo, maana vipimo vyote vilitakiwa vitoke chupa moja.

"Dada Lukiya," Tunu aliita. "Nimerudisha unga chupani."

Lukiya aliweka kalamu chini. "Kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kama chumvi ya kutilia yai moja."

"Kijiko kilikuwa kisafi?"

"Sijui, dada."

Lukiya aliinua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Unga ulikuwa mweupe uleule. Akachukua kalamu nyekundu na kuandika juu ya lebo: ISITUMIKE.

"Nisamehe, dada."

"Ungenyamaza, ningemaliza Ijumaa." Lukiya alivuta kiti kilichokuwa kando yake, akakifuta vumbi kwa kiganja. "Utakaa hapa. Kesho tunafungua chupa mpya, na wewe ndiye utakayepima."

Tunu alikwenda bombani na kijiko. Alikiosha, akakiinua kwenye mwanga, akakiosha tena.