Chumba cha Kuuguzia

Siku hizi basi la shule likiharibika, sheria inataka watoto wake wakaliuguze, maana betri yake hupona haraka ikisikia sauti zao. Ndiyo sababu Tusekile, msanifu majengo wa Mbeya, alichora karakana yenye chumba cha mikeka ya watoto ubavuni mwa kila sehemu ya mafundi.

Binti yake Lugano, wa miaka saba, alikuwa ameegemea meza akiupaka mchoro rangi ya njano. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani, na ndani yake mabasi ya umeme yalipita polepole kama yanaelea.

"Mama, mlango uwe mpana. Nitakuja na chupa ya uji."

"Kwani basi linakunywa uji?"

"Halinywi. Lakini mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Tusekile alicheka, kwani maneno hayo alimfundisha yeye mwenyewe. Akaupanua mlango kwenye mchoro.

"Na mimi nikiugua, mwanangu, utakuja kuniuguza?"

Lugano alimtazama kwa huruma.

"Wewe wauguzi wapo, mama. Basi lina sisi tu."

Nje, basi la shule yake lilipunguza mwendo, likaita kwa sauti laini, "Lugano."

"Abee, mama!" mtoto akaliitikia basi, akakimbilia mlangoni.